Sanduku la kioo kwa mkono wa kiharusi: mshonaji nimelitumia, haya ndiyo maoni yangu

Sanduku lenyewe ni la mbao za paini. Upande unaokuelekea uko wazi ili mkono uingie, na ubavu mmoja umebandikwa kioo kinachotazama nje. Kioo kina upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 35. Seremala wa Keko, hapa Dar es Salaam, alinitengenezea kwa shilingi 45,000, kioo kikiwa humo humo. Nayaandika haya kwa sababu ndugu wengi wa wagonjwa wa kiharusi huambiwa hospitali "tafuteni kioo cha mazoezi", wakatoka pale hawajui kinafananaje, kinapatikana wapi wala kinasaidia nini. Mimi nashona magauni na sare za shule, Magomeni. Kiharusi kilinipiga kulia, na kulia ndiko kuliko na mkasi wangu.

Matumizi yake hayana ugumu. Unakaa mezani, sanduku linawekwa katikati mbele ya kifua, kioo kikielekea mkono mzima. Mkono mgonjwa unaingia ndani, hauonekani tena. Mkono mzima unabaki nje, mbele ya kioo. Unaegemea kidogo upande wa mkono mzima, unakitazama kioo. Pale pale ulipozoea kuuona mkono uliolala, sasa unaona mkono unaofungua na kufunga vidole bila shida yoyote. Kichwani unajua fika kwamba ni wa kushoto. Macho hayakubali.

"Mama, usiuangalie mkono wenyewe, angalia kioo tu," alinielekeza kijana wa mazoezi tiba anayekuja nyumbani. "Na huko ndani jaribu kufuata, hata kama hakisogei kitu."

Nikafungua vidole vya kushoto polepole, kimoja kimoja, kuanzia gumba. Kwenye kioo mkono wa kulia ukafunguka. Ndani ya sanduku vidole vyangu vilivyokuwa vimejikunja siku zote nikavihisi, kama vile damu imerudi. Havikusogea, lakini nilivihisi. Machozi yalinitoka, na kijana akasimamisha zoezi mpaka nikatulia. Aliniambia huwapata wengi, na wengine hupata kizunguzungu au kichefuchefu, kwa hiyo mgonjwa asiachwe peke yake mara za mwanzo.

Nilimuuliza kioo kinaugusaje ubongo, maana kwangu mimi ugonjwa ulikuwa mkononi. Akanigusa juu ya sikio la kushoto, kuelekea utosini. "Ugonjwa uko hapa, mama. Mkono wako hauna kasoro." Hapo ndipo ulipo utepe wa ubongo unaoamrisha misuli, ambao wataalamu huuita koteksi ya mwendo. Utepe wa kushoto huamrisha mwili wa kulia, na wa kulia huamrisha wa kushoto, kwa kuwa njia za neva hupishana zinaposhuka kwenye shina la ubongo. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, aliuchunguza utepe huo miaka ya 1930. Alikuwa akigusa kwa umeme mdogo ubongo wa wagonjwa walio macho, anaangalia ni kiungo gani kinachoruka. Ramani aliyoipata haikugawa sawa hata kidogo. Mgongo na kiuno vimepewa kipande kidogo, ilhali vidole, kiganja na midomo vimetwaa eneo kubwa mno. Anayejipatia riziki kwa sindano hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba utepe huo hausubiri mwili usogee ndipo uamke. Mwaka 1995, Luciano Fadiga na wenzake nchini Italia waliwakalisha watu wazima wenye afya, wakawawekea kichwani koili ya sumaku iliyokuwa ikitoa mpigo mfupi juu ya sehemu inayoamrisha mkono. Mpigo ule hufanya msuli wa mkono ushtuke kidogo, na mshtuko huo hupimika. Watu wale hawakufanya lolote ila kumtazama mtu akishika vitu. Na bado misuli yao iliitika kwa nguvu zaidi kuliko walipokuwa hawatazami kushika, tena misuli ile ile ambayo wangeitumia wenyewe kama wangeshika. Ubongo wa mtazamaji ulikuwa umejiweka tayari kutenda.

Sanduku la kioo halikuanzia kwa watu wa kiharusi. Alilianzisha V. S. Ramachandran, mtaalamu wa ubongo wa California, miaka ya 1990, kwa ajili ya watu waliokatwa mkono lakini bado wanauhisi, na wanauhisi ukiuma. Mwaka 1999 Eric Altschuler, akiwa na Ramachandran na wenzao wengine, akachapisha katika jarida la Lancet jaribio dogo kwa wagonjwa 9 wa kiharusi. Mwaka 2005 watafiti wengine wakachukua ile mbinu ya koili ya sumaku, wakawapima watu wenye afya wanaosogeza mkono mmoja. Wanapotazama taswira yake kwenye kioo, upande wa ubongo unaoamrisha mkono ule mwingine, uliotulia, ulizidi kuwa mwepesi kuitika. Mimi nililihitaji hilo hasa, kwa sababu upande wangu wa kushoto kichwani ulikuwa umezimika nusu, na mkono uliolala hauwezi kuuamsha wenyewe.

Sasa nirudi kwenye sanduku, maana nimekuwa na mawili.

La kwanza nilinunuliwa na mwanangu katika duka la vifaa tiba mjini, limetoka nje ya nchi, la kitambaa na plastiki, linakunjika na kuingia begini. Kwa bei tuliyotozwa ningenunua cherehani ya mtumba. Kioo chake ni plastiki nyembamba inayong'aa. Ukilifungua bila kulinyoosha vizuri, kioo kinabenuka, na vidole kwenye taswira vinavimba katikati na kupinda ncha. Mtu mwenye mikono miwili mizima hataliona hilo kuwa ni jambo. Mgonjwa analiona mara moja, kwa sababu mkono unaouona si wako tena, na ukishasema moyoni "huu si wangu", zoezi limekufa hapo hapo. Upana nao haukutosha. Kiwiko kikisogea tu, mkono mzima unatoka nje ya kioo na taswira inakatika kwenye kifundo. Tulirudi dukani kuomba kubadilishiwa, wakasema bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi.

La Keko lina kioo cha kawaida cha kabati, cha milimita 4. Kimenyooka, taswira ni safi, na uzito wa mbao unalifanya litulie mezani hata ukiligonga. Nilimweleza fundi nataka nini kwa kumwonyesha picha kwenye simu. Aliuliza swali moja tu la maana: "Mama, mkono unaingilia kulia au kushoto?" Swali hilo duka la vifaa tiba halikuuliza. Wenye kupooza kushoto wanahitaji kioo upande wa pili, na sanduku la mbao haligeuki kirahisi, kwa hiyo semeni mapema.

Kasoro zake zipo. Kingo za kioo alizipiga msasa juu juu, na mkono usiohisi vizuri unaweza kukatwa, mwenyewe asijue. Nilizifunika kwa utepe mpana wa pamba nilioubandika kwa gundi, lakini hiyo ilikuwa kazi yake. Sakafu ya sanduku nayo ilikuwa mbao tupu. Mkono uliopooza ukikaa juu ya mbao ngumu muda wa nusu saa unachubuka kwenye mfupa wa kifundo, hivyo nimeweka kipande cha blanketi chini. Mwangaza pia una maneno yake: taa ikiwa nyuma yako, kivuli cha kichwa kinaangukia kioo. Mimi hukaa dirishani, ubavu wa mkono mzima ukielekea nje.

Kuna jambo ambalo hakuna karatasi ya maelekezo iliyonitajia. Kabla ya zoezi vua pete, saa na bangili za mkono mzima. Kioo kikikuonyesha mkono wa kulia umevaa pete ambayo hujawahi kuivaa kulia, ubongo unashtukia. Kwa wanawake wenzangu naongeza hina. Tulikuwa na harusi ya mdogo wangu, nikapakwa piko mkono wa kushoto peke yake kwa kuwa wa kulia haukukunjuka vizuri. Siku zote hadi piko lilipofifia kioo kilikuwa kinanionyesha mkono mgeni. Ukipaka, paka yote miwili au acha.

Kioo ni sehemu ya kwanza tu ya mazoezi haya. Sehemu ya pili ni kutazama mtu akifanya kazi kwa mikono, na hapa ndipo nina neno kubwa kuliko yote. Lile sanduku la dukani lilikuja na flashi yenye video. Ndani kuna mikono ya mtu asiyeonekana uso, inapanga vikombe vya plastiki, inachomeka vijiti kwenye vitundu, inarudia. Nilizitazama kwa bidii, kwa sababu nilitaka kupona. Hazikunipeleka popote. Kijana wa mazoezi alipoona hivyo akauliza mkono wangu ulikuwa ukifanya nini kabla ya kuugua. Nikamwambia: kukata kitenge, kutunga uzi, kusukuma kitambaa chini ya sindano, kutia vifungo. Akasema basi tutazame hivyo.

Kuna utafiti unaomuunga mkono kabisa. Mwaka 2005 Beatriz Calvo-Merino na wenzake, London, waliwaweka ndani ya mashine ya picha za ubongo wacheza baleti, wacheza capoeira (mchezo wa Brazil wa kupigana kwa mtindo wa ngoma) na watu wasiocheza lolote, wakawaonyesha baleti na capoeira zote mbili. Sehemu za ubongo zinazoandaa mwendo ziliwaka zaidi kwa mtu aliyekuwa anatazama mchezo anaouweza mwenyewe. Mwaka uliofuata wakaenda mbele zaidi: wacheza baleti wa kiume na wa kike hufanya mazoezi chumba kimoja na huonana kila siku, lakini kuna miondoko ya wanaume na miondoko ya wanawake. Ubongo wa kila mmoja uliitika zaidi kwa miondoko ambayo mwili wake umeifanya, si ile aliyoishia kuiona.

Kwa hiyo binti ninayemfundisha kazi akawa ndiye video yangu. Nilimkalisha upande wangu wa kulia, wote tukitazama mbele, ili mkono wake uonekane kutokea pale ambapo ungekuwa wangu. Nilimwambia akate polepole. Mkasi mkubwa wa chuma una sauti yake ukipita kwenye kitenge kipya chenye wanga, na kabla ya kila mkato kidole cha shahada hunyooka kwenye bapa la chini kuuongoza. Yeye hakukinyoosha. Alikuwa ameshika mkasi kwa vidole vyote, kama anayekata karatasi. Nikajikuta nakereka mpaka begani, na ule mkono wangu uliolala mapajani nikauhisi unataka kunyoosha kidole kumrekebisha. Kikombe cha plastiki kwenye video hakijawahi kunifanyia hivyo. "Nyoosha kidole, mwanangu," nikamwambia. Akanyoosha, nami nikautazama mkato mzima, kutoka pindo hadi pindo.

Tangu hapo nikitazama nachagua kazi ninayoijua. Ndugu wa wagonjwa wanaosoma hapa, msitafute video nzuri za watu wa mbali. Kama mzee alikuwa mvuvi, akaketishwe panapofumwa nyavu. Bibi aliyekuwa akisuka ukili, msukeni mbele yake, upande wa mkono wake mgonjwa, na mumuache akosoe.

Sehemu ya tatu ni kuwaza mwendo bila kutazama wala kusogea. Kijana alinirekodia maelekezo kwa sauti, akanitumia WhatsApp. Nafumba macho, namsikiliza: chukua bobini, vuta uzi, ulowanishe, ubane kwa gumba na shahada, tafuta tundu la sindano. Rekodi zake ni nzuri kwa jambo moja, anaacha kimya cha kutosha kati ya tendo na tendo. Za mwanzo zilikuwa na neno "jione", jione unashika, jione unavuta. Baadaye akazibadilisha zikawa "hisi": hisi uzi ulivyo mwembamba, hisi shahada inavyosukuma. Tofauti ni kubwa. Ukijiona kama unavyomwona mtu mwingine, koteksi ya mwendo haiitiki sana. Ukihisi kutoka ndani, kana kwamba misuli inavuta, inaitika zaidi, na hilo nalo limepimwa kwa koili ya sumaku.

Kama unadhani kuwaza ni kupoteza muda, sikia walichofanya Alvaro Pascual-Leone na wenzake, matokeo yakatoka mwaka 1995. Watu wasiojua piano walifundishwa zoezi la vidole vitano. Kundi moja lilipiga saa 2 kwa siku, siku 5. Kundi la pili lilikaa mbele ya piano muda ule ule likiwaza linapiga, bila kugusa. Ramani ya vidole kwenye koteksi ya mwendo ilipanuka kwa makundi yote mawili. Waliowaza walipopimwa siku ya tano walikuwa wamefikia pale waliopiga kweli walipokuwa siku ya tatu, na saa 2 za kupiga kwa mkono ziliwafikisha sawa na wenzao. Guang Yue na Kelly Cole, mwaka 1992, walipima nguvu ya kidole kidogo: waliofanya mazoezi kweli waliongeza asilimia 30, waliowaza tu asilimia 22. Msuli haukukua, amri ndiyo iliyoimarika.

Rekodi zina kipimo kimoja ninachokipenda. Jean Decety na Marc Jeannerod, kule Lyon, waligundua kwamba muda wa kuwaza kutembea hadi alama fulani hulingana na muda wa kutembea kweli. Kijana akanifanya nitunge uzi kichwani kwa mkono wa kushoto, kisha kwa wa kulia, yeye akishika saa ya simu. Wa kulia ulichukua muda mrefu zaidi, hata kichwani. Nilidhani kichwani kila mtu ana afya. Huwezi kuharakisha, na ukiharakisha umeacha kuhisi umeanza kusimulia. Kadiri miezi ilivyokwenda, ile tofauti ilipungua, na kwangu hiyo ilikuwa habari njema kabla kidole hakijaonyesha chochote cha kuonekana na majirani.

Matokeo, basi. Leo gumba langu la kulia linakutana na shahada. Nabana kitambaa kwa mkono wa kulia nikikata kwa kushoto, nashika chaki nachora mstari usionyooka sana. Kutunga uzi bado. Kufunga kifungo bado. Sitasema ni kioo peke yake kilichofanya hivyo, kwa kuwa miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ubongo hujirekebisha pia wenyewe, na muda wote huo nilikuwa nafanya mazoezi ya kawaida ya kunyoosha, kushika na kuachia. Waliokusanya tafiti wamefika mahali hapo hapo. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaojumlisha tafiti za tiba, ya mwaka 2018 kuhusu kioo yalijumlisha tafiti 62 na watu 1,982, na kuona kwamba kioo kinasaidia mwendo na shughuli za kila siku. Ya mwaka 2020 kuhusu kuwaza mwendo yalijumlisha tafiti 25 na watu 676, na faida kwa mkono ilionekana pale kuwaza kulipoongezwa juu ya mazoezi mengine. Kwa hiyo anayekuuzia sanduku akikwambia uache mazoezi, mwache na sanduku lake.

Huduma ya kijana wa mazoezi naisifu, ila ina tatizo la foleni ya Dar es Salaam. Mara nyingi alifika akiwa amechelewa na nimeshachoka, na mkono uliochoka hauwazi vizuri. Tulikubaliana kuwa kioo na rekodi nitavifanya asubuhi mwenyewe na binti, yeye akija tunafanya ya kusogeza. Mpango huo umenipunguzia gharama pia, kwa sababu haji mara nyingi kama mwanzo.

Nani asinunue? Mgonjwa asiyeweza kukaa wima akatulia, na yule ambaye kiharusi kimemfanya asiujali kabisa upande mmoja wa dunia, anakula nusu ya sahani na kuacha nusu. Hao wapimwe kwanza na mtaalamu wao. Mwenye maumivu makali mkononi naye aulize kwanza, kwa kuwa wapo ambao kutazama mwendo huwazidishia maumivu.

Wengine wote, nendeni kwa seremala yeyote aliye karibu nanyi. Mwambieni kioo cha milimita 4 kilichonyooka, upana usipungue sentimita 45, kingo zote zipigwe msasa na kuzungushiwa ukingo wa mbao, sakafu iwekwe sponji na kitambaa kinachofulika. Mlango wa sanduku upimwe kwa mkono mgonjwa wenyewe, kwa sababu mara nyingi umevimba kuliko ule mzima. Wangu ulipita kwa shida mpaka fundi alipoongeza sentimita 3 bila kunidai nyongeza.